Nilidhani kutuma pesa ndiyo kulea: uzi kwa familia zenye ndugu mwenye ulemavu wa akili

Mwana wa Muheza

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi huu nimeuahirisha kwa karibu mwaka mzima, kwa sababu unamhusu mama yangu mzazi na mdogo wangu wa kiume, na sisi tulilelewa tukijua kwamba mambo ya ndani hayatolewi nje. Nimeamua kuyatoa kwa kuwa naamini humu wamo wengi walio katika hali niliyokuwa nayo mimi, wanaotuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi na kulala usingizi mzuri wakiamini kwamba wajibu wao wameutimiza.

Mdogo wangu ana umri wa miaka 36. Alizaliwa mzima, akatembea mapema kuliko sisi wengine, na alipokuwa na miaka miwili alikuwa ameanza kuita majina ya watu wa nyumbani. Msimu mmoja wa masika alishikwa na homa, na usiku wa pili akapatwa na degedege. Wakati ule, na hata sasa kwa baadhi ya wazee wa pwani, iliaminika kwamba degedege huletwa na shetani, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Bibi mzaa baba akaamua apelekwe kwanza kwa mganga, naye mama, aliyekuwa bado mgeni katika nyumba ya wakwe, hakuwa na kauli ya kupinga. Mtoto alifukizwa, akafungwa hirizi, na siku mbili zikapita kabla hajafikishwa hospitali, ambako walisema malaria imekwisha kumpanda kichwani. Homa ilipona, lakini yale majina aliyokuwa akiyaita yalipotea, na ilipita miaka mitatu kabla hajatamka tena neno "mama". Lawama ya siku zile mbili aliibeba mama peke yake. Upande wa baba walisema kwao hakuna historia hiyo, na baba mwenyewe alioa kwingine kabla mtoto hajafikisha miaka sita.

Leo anakula mwenyewe, anachota maji, anajua kupepeta mchele na hukasirika akiona pumba imebaki. Hata hivyo hawezi kuvuka barabara, hajui thamani ya pesa, anaweza kumfuata mtu yeyote anayemwita kwa upole, na kifafa kilichoanza baada ya ile homa hakijamwacha, kwa hiyo humeza vidonge asubuhi na jioni. Hawezi kuachwa peke yake hata kwa muda wa kwenda dukani na kurudi.

Mimi nilihamia Dar es Salaam mwaka 2009, na tangu nipate kazi ya kudumu nilikuwa nikituma shilingi 80,000 kila mwezi bila kukosa. Katika vikao vya familia nilizungumza kama mtu anayebeba mzigo. Mwaka juzi, mwezi wa Agosti, presha ya mama ilipanda, akaanguka uani akiwa anaanua nguo. Dada yetu anayeishi Tanga mjini alikwenda kumuuguza hospitalini, na mimi nikaomba likizo, nikaenda Muheza kukaa na mdogo wangu. Nilikaa naye siku 19.

Shida ya kwanza ilikuwa dawa. Nilikuta vidonge ndani ya kopo la maziwa, vimefungwa kwenye vipande vya karatasi ya daftari, vizima upande mmoja na vilivyokatwa nusu upande mwingine, bila maandishi yoyote, na mama wakati huo hakuwa akiweza kusema vizuri. Maarifa yote kuhusu mtu yule, dawa ipi ni ya saa ngapi, chakula kipi humkaba, dalili gani hutangulia kifafa, mbwa wa nyumba ipi anamwogopa, yalikuwa kichwani mwa mwanamke mmoja aliyelazwa, na katika sisi ndugu zake wanne hakuna aliyewahi kuyauliza. Kwa kubahatisha dozi nilimsababishia kifafa mara mbili katika asubuhi moja.

Usiku wa kwanza nilimtandikia, nikazima taa, nikajilaza kitanda cha pili. Akaamka, akaenda kwenye kamba ya nguo, akarudi na kanga kuukuu ya mama iliyochanwa kwa urefu ikawa kama mkanda. Akanishika mkono wa kushoto, akaanza kunizungushia ncha moja kwenye kifundo, taratibu, kama mtu anayejua vizuri anachokifanya, na alipomaliza akaninyooshea mkono wake wa kulia nimfunge ncha ya pili. Asubuhi jirani ndiye aliyenieleza. Kumbe aliwahi kutoka usiku akafika barabara kuu ya Segera, akaokolewa na dereva wa lori aliyewahi kufunga breki, na tangu siku hiyo mama hulala amefungwa naye ili akiinuka na yeye aamke. Tulihesabu na yule jirani, tukapata miaka 13. Kwa miaka 13 mama yangu hakulala usiku mzima, na katika miaka hiyo yote nilimpigia simu kila Jumapili, nikamuuliza hali, naye akajibu kwamba hawajambo.

Mchana nao una kazi yake. Kumwogesha kunachukua dakika arobaini, kwa sababu sabuni ikimwingia machoni kazi huanza upya. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimekwisha kufua mashuka mara mbili. Mkaa ukiisha, hakuna wa kumwachia niende kununua. Majirani walikuja, na sisemi kwamba hawana utu: walileta ndizi, walitoa pole, walisema Mungu ana makusudi yake, kisha wakaaga. Katika siku 19 hakuna hata mmoja aliyesema, "Nenda ukanyooshe mgongo, nitakaa naye mpaka alasiri." Siku ya kumi na moja nilimpigia kelele mpaka akajikunyata nyuma ya mlango akiwa ameziba masikio, na jioni yake nilifunga geti kwa kufuli, nikakaa nje, nikamwacha ndani peke yake kwa muda unaokaribia saa nzima. Nimesoma mara nyingi habari za familia zilizomfungia ndugu yao ndani, na nimewahi kuandika humu humu kwamba watu wa namna hiyo wafungwe jela. Kumfungia mtu ni ukatili, na neno hilo silibadilishi. Lakini sasa najua mtu anayefunga mlango huo amekesha usiku ngapi kabla ya kuufunga.

Hoja ninayoileta kwenu ni hii. Ndugu tunapochanga, tunachanga pesa, nguo na maneno ya faraja, ilhali kitu ambacho mlezi hana kabisa ni saa: saa ya kulala, saa ya kwenda kupima presha yake mwenyewe, saa ya kuhudhuria msiba au harusi na kukaa mpaka mwisho kama watu wengine. Pesa yangu ilinunua mchele na sabuni, lakini haikumpunguzia mama hata saa moja. Jambo hili si geni kwa walioandika sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 28 kwamba familia maskini zenye mtu mwenye ulemavu zisaidiwe gharama zitokanazo na ulemavu huo, na pamoja na mafunzo, ushauri na fedha unataja huduma ya kumpumzisha mlezi. Nasi tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inayotaka kuwepo kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Nilipoulizia kamati hiyo, niliowauliza walikuwa wakiisikia kwangu kwa mara ya kwanza.

Naomba mnaolea mseme mnavyogawana kazi hii, kama mnagawana, na mmejiandaaje kwa siku ambayo mlezi mkuu hatakuwepo. Mama yangu amekwisha kuniambia, na hakuwa anatania, kwamba kila siku humwomba Mungu amtangulize mwanawe japo kwa siku moja.

Mwalimu wa Kitengo

Ndugu mwenye uzi, pole kwa yaliyompata mama, na ahsante kwa kuandika kwa uwazi. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nilisoma Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kilichoko Arusha, na nimefundisha kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili katika shule ya msingi ya kawaida kwa miaka kumi na minne, kwa hiyo nitaongeza yale ninayoyaona kwa upande wangu.

Kwanza niliweke sawa jambo moja ambalo wasomaji wengi hulichanganya. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Mgonjwa wa akili anaweza kutibiwa akarudi katika hali yake, lakini mwenye ulemavu wa akili hujifunza na kuelewa kwa kasi ndogo tangu utotoni, na hali hiyo huendelea naye maisha yote. Sababu ni nyingi: wapo waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, waliopata manjano makali siku za mwanzo bila kutibiwa, waliougua malaria kali au homa ya uti wa mgongo, ambao mama zao walikosa madini joto wakati wa ujauzito, na waliozaliwa na hali ya Down, inayotokana na kromosomu ya ziada. Nimeona wazazi wakimaliza mashamba kwa waganga, na wengine kwa safari za maombezi, wakitafuta tiba ya kitu ambacho kilihitaji mafunzo.

Ninasema mafunzo kwa sababu yanahusiana moja kwa moja na hoja yako ya saa. Kila kitu ambacho kijana anajifunza kujifanyia mwenyewe ni muda unaorudishwa kwa mama yake. Sisi hufundisha kwa kukata kazi vipande vidogo na mara nyingi kuanzia mwisho. Kwa mfano wa shati, mwalimu humvalisha lote na kumwachia kifungo kimoja cha mwisho, na akikiweza huachiwa viwili, mpaka siku moja anajikuta amevaa shati zima. Nina mwanafunzi aliyechukua miezi saba kujifunza kunawa baada ya kutoka chooni, na mama yake alikuja shuleni akilia kwa furaha, kwa sababu alikuwa akiamka saa tisa usiku kila siku kwa ajili ya jambo hilo moja. Kosa kubwa ninaloliona nyumbani ni la huruma: mtoto anafanyiwa kila kitu kwa sababu "hawezi, maskini", na akifika miaka ishirini ana nguvu za mtu mzima na mahitaji ya mtoto mchanga.

Hata hivyo nisiwape watu matumaini yasiyokuwepo. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini mtoto asiyeweza kupanda daladala peke yake anahitaji mtu wa kumpeleka na kumrudisha, na mtu huyo ni yule yule mama. Dar es Salaam wana Sinza Maalum, wana Uhuru Mchanganyiko pale Kariakoo, lakini vijijini kitengo kinaweza kuwa umbali wa mwendo wa saa mbili. Tena shule ina mwisho wake. Kijana akishavuka umri wa shule, hurudi nyumbani na kukaa kwenye kigoda kile kile alichokuwa amekalia kabla ya kuanza. Kila mwaka wazazi huniomba nimwongezee mtoto mwaka mmoja zaidi, na wanachoniomba hasa, bila kukitaja, ni zile saa za asubuhi mpaka mchana ambazo walikuwa wanapumua.

Mama Vitumbua

Kaka, shikamoo kwa mama yako, na Mungu amrudishie nguvu zake. Mimi nina binti wa miaka 19 mwenye hiyo hali ya Down aliyoitaja mwalimu, na baba yake aliondoka binti akiwa na miezi minne, akasema kwamba damu yake haizai mtoto wa namna hiyo. Ninauza vitumbua asubuhi, na binti ndiye anayepanga vitumbua kwenye sahani, sita sita, wala hakosei.

Ninakubaliana nawe kuhusu saa, lakini kuna jambo ambalo wewe kama mwanamume huenda hujalifikiria. Saa zangu siwezi kumgawia mtu yeyote tu. Binti yangu anamkumbatia kila anayemchekea, na haelewi kwamba kuna mtu anayeweza kumchekea akiwa na nia mbaya. Tangu avunje ungo, hofu yangu ilibadilika kabisa. Ndugu wa kiume waliponiambia nimlete akae kwao wiki mbili nipumzike, niliwashukuru na nikakataa, wakaniona mwenye kiburi. Majirani wamenishauri nimpeleke akafungwe kizazi, na wengine wanasema achomwe sindano ya uzazi wa mpango ili "likitokea la kutokea" asipate mimba. Niliwauliza: je, hiyo sindano itamzuia mtu asimwingilie, au itamfichia tu alichokifanya? Hawakunijibu.

Nilichofanya mimi ni kumfundisha, kwa miaka mitatu sasa, kila siku wakati wa kumwogesha, kwamba sehemu hizi zinaguswa na mama na daktari tu, na mwingine akizigusa apige kelele. Sijui ni kiasi gani amekielewa. Siku moja fundi aliyekuja kutengeneza bomba alimshika bega kumsogeza, naye akapiga ukelele mtaa mzima ukajaa. Yule fundi aliaibika, na nilimwomba radhi, lakini moyoni nilishukuru sana.

Kwa hiyo tunaposema ndugu wagawane saa, tukumbuke kwamba mlezi anahitaji kumwamini anayepokea, na imani hiyo haijengwi kwa kikao kimoja.

Mwenye Swali

Mkuu, nimesoma yote na nimeguswa, lakini naona tunazunguka. Kwa nini serikali isijenge vituo vikubwa, kimoja kila mkoa, watu hawa wakapelekwa huko wakalelewa na wataalamu, familia zikaendelea na maisha yao? Ndugu wa siku hizi wote wako mbioni kutafuta riziki. Ule ukoo wa zamani uliokuwa ukilea kwa pamoja haupo tena, na kuutegemea ni kujidanganya.

Mwana wa Muheza

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na nimelifikiria usiku mwingi, kwa sababu katika zile siku 19 nilitamani kituo kama hicho kuliko kitu kingine chochote. Ninachokipinga ni kile kituo cha kupeleka mtu akakaa huko moja kwa moja. Nchi zilizokuwa na vituo vikubwa vya aina hiyo kwa miaka mingi zimekwisha kuviacha. Norwei, kwa mfano, ilianza kuvifunga vyake mwaka 1991 na kuwarudisha watu katika maeneo walikotoka, kwa msaada wa halmashauri zao. Mahali ambapo watu wasioweza kujieleza wamekusanywa mbali na macho ya ndugu zao, akipigwa hakuna wa kuuliza, na hofu ya dada Mama Vitumbua hapo juu inageuka kuwa kubwa zaidi.

Kituo cha mchana ni jambo jingine kabisa. Mahali pa kumpeleka saa mbili asubuhi na kumchukua saa tisa alasiri, akashona mikeka, akafuga kuku, akarudi kulala kwao, hapo ningekuunga mkono kwa mikono miwili. Kuhusu ukoo wa zamani, sikatai kwamba umelegea. Lakini tusiusifu kupita kiasi: ukoo huo huo ndio uliomkawiza mdogo wangu siku mbili kwa mganga, ndio uliomwita zezeta mbele ya mama yake, na kazi ya kumlea uliikabidhi kwa mwanamke mmoja.

Binti wa Tudor, Mombasa

Ndugu zangu wa huko, hodi. Mimi ninawaandikia kutoka Mombasa, na nyumbani kwetu anayelelewa ni kaka yangu mkubwa, ambaye ana mtindio wa ubongo pamoja na ulemavu wa akili na hawezi kujigeuza kitandani.

Huku Kenya tuna fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali ambao kwa huo kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkali hupata shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na mlezi ndiye anayezipokea kwa niaba yake. Sitazidharau, kwa sababu zipo nyumba ambazo bila hizo hakungewaka moto. Lakini kaka yangu ni mtu mzima, nepi zake ni za watu wazima, na fedha hizo huisha kabla ya nepi za wiki ya pili. Tena zinapochelewa, miezi ikarundikana, deni la dukani nalo hurundikana. Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu ilitiwa saini mwaka 2025 kuchukua nafasi ya ile ya 2003, na tunasubiri tuone italeta nini milangoni petu.

Lakini lililonifanya niandike ni jambo la ndugu, ambalo halisemwi. Mimi ni mtoto wa pili, mwanamke, na tangu nikiwa darasa la sita nimekuwa mlezi msaidizi. Nilichumbiwa mara mbili. Mara zote mbili watu wa upande wa pili walikuja nyumbani, wakakaribishwa kahawa na kaimati, wakamwona kaka ndani, na posa ikafa kimya kimya. Mara ya pili mama alinambia, wakija wengine tumhamishe kaka chumba cha nyuma tufunge mlango. Nilikataa. Nimemlisha kwa mkono wangu huu kwa miaka ishirini na mbili, na mume ambaye hawezi kuingia chumbani kwake kumsalimu sitamtaka. Hata hivyo sitawaficha kwamba zipo siku ninamkasirikia kaka yangu, ambaye hajanikosea lolote, kisha ninaona aibu na kwenda kumchana nywele.

Mwenye uzi, ulipouliza nani atabaki naye mlezi akiondoka, kwetu jibu linajulikana tangu nikiwa mdogo, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama ninakubali.

Mwana wa Muheza

Dada wa Tudor, nimeisoma sentensi yako ya mwisho mara kadhaa na nikampigia simu dada yetu wa Tanga, kwa sababu sisi pia tulikuwa tumekwisha kuamua kimoyomoyo kwamba yeye ndiye atakayemrithi mama katika kazi hii, eti kwa kuwa ni mwanamke na yuko karibu. Nimemwomba radhi.

Wengi mmeniuliza kwa ujumbe binafsi tulifanya nini baada ya mama kutoka hospitalini, kwa hiyo nitaeleza. Tuliitisha kikao cha ndugu wanne pamoja na mjomba, na badala ya kuuliza nani atatoa kiasi gani, nilipitisha daftari lililochorwa siku za mwezi, nikaomba kila mtu aandike siku zake. Palikuwa kimya kwa muda mrefu. Kaka yetu mkubwa alisema yeye ni mtu wa biashara na ataongeza pesa, na mpaka leo hajaandika siku hata moja. Siwezi kusema kwamba nimelimeza vizuri jambo hilo. Dada alichukua Ijumaa mpaka Jumapili, mara moja kwa mwezi. Mimi nilichukua wiki moja kila baada ya miezi mitatu, na likizo yangu yote ya mwaka sasa inaishia Muheza. Mdogo wetu wa mwisho, aliye mbali Mbeya, ndiye anayelipa pesa za kijana mmoja wa jirani, mtulivu, aliyemzoea mdogo wangu tangu utotoni, anayekuja mchana tatu kwa wiki. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba pesa nayo inaweza kununua saa, ikielekezwa huko.

Tuliandika pia daftari la pili, la maelezo. Mama alisema na mimi nikaandika, kwa siku nne: dawa na dozi zake, kwamba akianza kusugua sikio la kulia kifafa kiko njiani na alazwe ubavu, kwamba samaki atolewe miba na mtu mwenye macho mazuri, kwamba mvua ya radi ikipiga ashikwe mkono. Zilijaa kurasa 31. Nakala moja iko kwa dada, nyingine ninayo mimi. Cheti chake cha kuzaliwa, ambacho hakikuwepo, tumekipata RITA, wakala wa serikali wa usajili, na mama sasa anataka kuandika wosia utakaoitaja nyumba kuwa ya kumlelea mdogo wangu kabla ya kugawanywa kwa warithi wengine. Hapo tumekwama, kwa sababu sisi ni Waislamu na masuala ya mirathi yana taratibu zake, na nitashukuru sana kama kuna mwanasheria au shehe humu anayeweza kutueleza kama njia ya wakfu inafaa kwa nyumba ndogo kama ile.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba aliyepata shida zaidi kuachia alikuwa mama mwenyewe. Mwisho wa wiki wa kwanza dada alipomchukua mdogo wangu kwenda Tanga, mama alipiga simu mara tisa kabla ya adhuhuri, akauliza kama amekula, kama amefungiwa mlango, kama maji ya kuoga yalikuwa ya uvuguvugu. Usiku aliniambia hajui aweke wapi mkono wake wa kushoto. Hakulala mpaka karibu na alfajiri, kisha akalala mpaka saa nne asubuhi, na jirani akaja kugonga akidhani kuna jambo. Mwezi wa tatu ndipo alipolala usiku mzima. Mwezi wa nne alikwenda harusini Pongwe na akarudi Jumapili jioni na hina mikononi.

Dada alituambia kwamba kule Tanga nako, usiku wa kwanza, mdogo wangu alizunguka chumba kizima akitafuta kitu kwenye kamba ya nguo. Dada alichana kanga yake moja. Anayo huko mpaka leo, imetundikwa msumarini nyuma ya mlango, na Ijumaa hii ni zamu yake.